Bangili ya Tiketi

Siku hizi tiketi za bei nafuu za michezo ya kuigiza hutolewa na bangili. Unaivaa, inataja mchezo, na moyo unaodunda kwa kasi kuliko yote mjini ndio unaoshinda kiti.

Mke wangu, Zamaradi, ameshinda Ijumaa sita mfululizo, mchezo ule ule wa yule mwigizaji mwenye sauti nzito.

“Ni mchezo tu, Baba Sikudhani,” huniambia, huku akijipaka wanja.

Leo mchezo ule ulipotajwa tena, nilimwona akitabasamu. Bangili yangu ikawaka.

“Umeshinda! Kiti cha mbele kabisa,” alisema kwa mshangao. “Kumbe nawe unaupenda hivyo?”

“Sana.”

Nikapiga pasi shati langu, naye akabaki mlangoni akiuliza, mara ya tatu sasa, kama lazima niende.