Mtaalamu wa Paris

Moinafouraha aliishika simu kwa mikono miwili. Chini ya dirisha lake, kwenye gati la Moroni, mamluki walikuwa wakipanga mifuko ya mchanga.

“Mama, mzuie baba asije harusini. Huku kuna vita.”

“Vita gani?” Huko Mutsamudu, kwenye kisiwa kingine, redio ilikuwa ikinguruma nyuma ya sauti ya mama. “Mtaalamu wa Paris amesema Moroni ni shwari. Ana ramani, anapata habari za kila upande. Wewe una dirisha tu.”

“Dirisha ndilo linaloona, mama!”

Akautoa mkono nje pamoja na simu, mpaka waya ukakaza. Bunduki zikalia upande wa Itsandra. Kioo kikatetemeka.

“Umesikia sasa?”

Mama alikuwa akicheka. “Nimesikia, mwanangu. Nyinyi wa Ngazidja na harusi zenu kubwa! Bwana harusi hajaingia, mmeshaanza fataki?”

“Nipe baba.”

“Baba yako alimsikiliza mtaalamu mpaka mwisho, akavaa joho lake jipya, akapanda boti ya alfajiri.”

Moinafouraha alitazama gatini. Mamluki mmoja alikuwa amelala nyuma ya mifuko, akilenga bunduki yake baharini.