Spika ya Jikoni

Sheria inaturuhusu kuvua nguva mmoja kwa kila harusi, maana ndiyo mila yetu. Ila nyumba iliyomvua hufungiwa spika jikoni, haizimiki, na humo husikika mtoto wa nguva yule akimwita mama yake kutoka baharini. Watetezi wa mila walishangilia, watetezi wa wanyama nao wakashangilia. Wao hawapiki hapa.

Tangu tumwoze binti yangu Mwanahawa, napika na spika hiyo, nakula nayo.

Leo nikikuna nazi, spika ikanyamaza.

"Labda amekua," Mwanahawa akasema, akishika tumbo lake la mimba.

"Labda."

Nikaendelea kukuna. Punde nikausikia tena ule mwito.

"Afadhali, amerudi," nikasema.

Mwanahawa akanitazama mdomo.

"Mama, ni wewe."