Usingizi wa Stelios

Sheria ya meli za Ulaya inamtaka baharia apumzike, ila haisemi alale mwenyewe. Mtu wa familia yake akimeza kidonge cha kampuni akalala nyumbani, baharia anahesabiwa kuwa amepumzika.

Anayemlalia Stelios ni mama yake, Argiro. Leo meli imetia nanga kwao Ugiriki, Stelios yuko nyumbani, na mama yu macho, anapakua supu.

Simu ikalia. Nahodha anamtaka kazini sasa hivi.

“Leo nakataa, mama. Kwa kunilalia, hata mjukuu wako hujawahi kumbeba.”

“Watakufukuza, mwanangu.” Kidonge alikwisha kukimeza.

Stelios akamlaza, akamvua viatu, akamfunika shuka. Mezani, bakuli la mama lilikuwa bado linafuka moshi. Akatazama mlangoni kama mwizi, kisha akalinywa lote.