Tutarudia Alhamisi

Fundi aligusa ncha ya sirinji kwa kidole gumba, makusudi kabisa, kisha akajifanya kushtuka.

"Tazama sasa! Nimeigusa tena."

Kando yake aliketi Sista, muuguzi wa kliniki, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alitikisa kichwa.

"Hiyo tupa. Ukisukuma uchafu humo, unakwenda moja kwa moja moyoni. Chukua nyingine."

Fundi aliitupa, akanawa mikono upya, akafungua nyingine. Safari hii hakufanya mchezo. Chini ya mtulinga wake, ndani ya ngozi, madaktari walikuwa wamempandikiza kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, cha kupitishia dawa. Kutoka kwenye sindano iliyochomekwa hapo ulining'inia mpira mwembamba. Aliusugua mdomo wa mpira kwa spiriti, akangoja ukauke, akasukuma maji ya chumvi taratibu: sukuma, simama, sukuma, simama. Akafunga kibano. Kazi ilikuwa safi kama mshono wa kola.

"Kosa ni lile la mwanzo tu," alisema Sista. "Tutarudia Alhamisi."

Fundi aliinamisha uso asionekane anafurahi.

Utaratibu wa kliniki ulikuwa huo. Muuguzi huja nyumbani mpaka siku mgonjwa atakapofanya yote kwa mkono wake, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Akishafaulu, muuguzi haji tena. Na Fundi alikuwa mshonaji wa miaka na miaka, wa kutunga uzi kwenye sindano huku akipiga soga na mteja. Eti mikono hiyo ishindwe na sirinji! Kazi ile aliishika mapema mno. Alikosea kwa sababu Sista ndiye mtu pekee aliyebisha mlango wake.

Wateja walihamia kwa mafundi wengine alipoanza kuugua. Mume alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mwanawe wa pekee aliishi ng'ambo, na simu zake zilikuwa za mtu anayeongea huku akitafuta funguo. Jioni Fundi aliwasha redio, si kwa ajili ya habari, bali nyumba ipate sauti ya mtu. Upweke ulimuuma kuliko sindano, na hakuona haya kujiambia hivyo.

Basi kila Alhamisi alipiga deki, akatandika kitambaa mezani, akabandika chai.

"Karibu, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema kila alipofungua mlango.

"Na mgeni je, yeye asipone?" Sista hujibu, nao hucheka wote wawili.

Mwanzoni Sista alikuwa akiletwa na gari la kliniki, dereva akipiga honi nje hata chai haijapoa. Siku hizi alikuja kwa miguu, bila sare. Alisema sare ile inamtia joto. Somo likiisha alivua viatu, akanyoosha miguu juu ya kigoda, wakawasengenya madaktari mpaka mbavu zikawauma. Fundi akimuuliza kama hachelewi, hupunga mkono.

"Nikiwahi nyumbani, nikamfanyie nani nini?"

Hakuwahi kuuliza kwa nini mshonaji mzima anashindwa na jambo dogo namna ile. Fundi alimshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi moja Sista aliingia akihema, amejishika goti.

"Pole, dada. Wagonjwa wamekuwa wengi?"

"Watu hawaishi kuugua, mwenzangu," alijibu Sista, akakitazama kikombe chake.

Maneno hayo yalimkaa Fundi moyoni wiki nzima. Aliikumbuka siku aliyorudi nyumbani na kidude kile, alivyokaa kitandani ameushika mpira kama mtu aliyeshika nyoka, hathubutu hata kugeuka. Sasa mahali fulani yuko mwingine amekaa hivyohivyo, anamngoja Sista, na Sista yuko huku anafundisha mtu anayejua. Na lile goti lake! Fundi alijiona mwizi.

Alhamisi iliyofuata, chai ikiwa jikoni, alipiga simu kliniki. Ilipokewa na sauti ya binti.

"Mwanangu, nataka kusema kwamba nimeweza," alisema Fundi, akataja anapokaa. "Niliweza zamani, nilikuwa nakosea makusudi tu. Huyu Sista wa Alhamisi mpelekeni kwa wanaomhitaji. Mwambieni asije tena kwangu."

Alifuta machozi kwa pindo la kanga. Neno lilikuwa limeshatoka, halirudi.

"Sista yupi huyo, mama?"

"Huyu wa miwani ya kamba. Mcheshi, anacheka mpaka vikombe vinatikisika."

"Aa, huyo! Huyo alistaafu tangu kabla ya mvua. Na wewe ndiye mgonjwa wake wa mwisho, mama. Siku anatuaga alitwambia umeshafaulu, kwako hakuna haja ya mtu kuja tena."

Binti alipokata simu, Fundi alikwenda jikoni kuipua chai.

Hodi ilipobishwa alikuwa ameshapanga vikombe viwili. Alinyanyuka, akafungua sirinji mpya, akaigusa ncha kwa kidole gumba, ndipo akaenda kufungua mlango.