Mkate Wenye Alama ya Ufunguo

Mkate wa tatu ulipotoka tanurini, Otilia aliona ukimponyoka Elcira mikononi.

"Uzee huo, shoga," alimtania. "Zamani ulikuwa unaudaka ungali moto."

Elcira hakucheka. Yeye ndiye aliyempigia simu aje waoke mara ya mwisho, maana keshokutwa tanuri la mtaa lingebomolewa. Otilia alipanda basi la kwanza kutoka Concepción. Tanuri lile lilikuwa utoto wake mzima: wake za wachimba makaa ya mawe wakisengenyana foleni, yeye na Elcira wakiokota ufukweni makaa yaliyotupwa na bahari, miguu mitupu, usiku watoto wanne kitanda kimoja. Shida tupu, lakini jamani, walicheka!

Tanuri moja, familia ishirini. Kwa hiyo kila mama aligandamiza alama yake juu ya donge la unga asije akaibiwa. Akina Otilia, kifungo cha koti. Akina Elcira, ufunguo.

Leo mikate yote ilikuwa na kifungo.

"Mbona umeoka ya kwetu tu?" Otilia aliuliza.

"Kula kwanza."

Alimega kipande. Alikumbuka ile Ijumaa ya mwaka hamsini na nane, mgodi uliposhika moto. Jioni wanaume wawili hawakurudi nyumbani, baba yake na baba wa Elcira. Ilipatikana maiti moja tu, imeungua haitambuliki, na kopo lake la chakula. Makopo ya wachimbaji yalifanana yote, ila ndani ya lile mlikuwa na mkate wenye ufunguo. Mama Elcira akapiga yowe, akavaa nyeusi, na kampuni ya mgodi ikamwachia chumba chake kwa kuwa ni mjane.

Na Baba Otilia? Msimamizi wa mgodi alisema huyo hakuingia mgodini kabisa. Asubuhi ile mchimbaji mmoja alionekana stesheni, kofia imemfunika uso, kaongozana na mwanamke fundi cherehani. Mke wa mtoro hakuwa na haki ya chumba. Kabla ya giza vyombo vyao vilikuwa nje, mvuani.

"Miaka yote hii najiuliza jambo moja tu," Otilia alisema. "Tulimkosea nini baba hata akatukimbia? Sitaki kufa sijajua."

"Mama yako aliumwa wiki ile," Elcira alisema, macho kwenye moto. "Hakuoka."

"Kweli. Sasa?"

"Ijumaa ile asubuhi Mama alinituma nimpelekee baba yako mkate wetu. Nilimtilia mwenyewe kwenye kopo. Akanifinya shavu, akaniita kipanya."

Otilia aliuweka mkate chini. Upepo wa baharini ulipiga mlango wa bati, ukapiga tena. Kila Novemba, sikukuu ya wafu, tangu wakiwa wasichana, alipanda na Elcira makaburini kilimani kumshikia maua ya kaburi lililoitwa la baba wa Elcira.

"Kwa hiyo pale kilimani ni baba yangu," alisema, machozi yakimtoka. Kisha akamwonea mwenzake huruma, akamshika mkono. "Na baba yako, masikini, bado yuko huko chini, hana hata kaburi?"

Elcira aliutoa mkono wake taratibu, akauingiza mfukoni mwa aproni, akatoa bahasha kuukuu zilizofungwa kwa uzi.

"Alikuwa anatuandikia kila Krismasi," alisema. "Kutoka Argentina."