Siku Kobe Alipogoma

Kobe alikuwa amekwama kwenye kona ya bwawa, anazunguka palepale kama mtu aliyeangusha funguo, na mzee alikuwa ukingoni anamgombeza.

"Panda ukuta, mvivu we! Leo tuna mgeni!"

Kobe ni mashine ya kusafishia bwawa. Mzee, dereva wa treni mstaafu, alilichimba bwawa hilo kwa kiinua mgongo chake, na mkewe akacheka wiki nzima. Tangu hapo mzee hataki mtu alione likiwa na hata jani moja. Na leo, jamani, leo anakuja mchumba wa binti yao wa pekee! Hawajawahi kumwona hata kwenye picha. Binti alishasema, naye akisema kasema: "Baba, bila ndiyo yako siolewi. Nikitoka kazini saa kumi, nataka jibu."

Basi wakagawana kazi. Mama akae mlango wa mbele amsubiri mchumba. Mzee asimame geti la nyuma amsubiri fundi wa Kobe.

Mzee hakusubiri sana. Alimkuta kijana mrefu nje ya geti, viatu vinang'aa, kiboksi kidogo kilichofungwa vizuri mkononi, anatafuta kengele. Akamdaka mkono.

"Ndiyo wewe! Ingia, ingia, tumekusubiri tangu asubuhi!"

"Shikamoo, mzee. Mimi nimekuja ku..."

"Marahaba. Najua ulichokuja kufanya, nyumba nzima inajua! Vua viatu. Mgonjwa yule pale majini."

Kijana akamtazama Kobe, akamtazama mzee, akaweka kiboksi chini, akavua viatu. "Ndiyo, mzee."

Mzee akampenda hapohapo. Mafundi wote aliowahi kuwaona huanza kwa kutikisa kichwa na kuuliza nani kaharibu. Huyu aliomba kitabu cha maelekezo! Akakaa chini akakisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akazima swichi, akachomoa waya ukutani, akaingia majini hadi magotini na suruali yake ya pasi, akamvuta Kobe polepole mpaka nje. Hakunung'unika hata kidogo.

"Bisibisi?" mzee akauliza.

"Leo sikubeba, mzee."

"Wala usijali."

Mzee, ambaye hajawahi kumwazima mtu bisibisi yake, akaenda mbio kuileta. Jikoni mkewe akamkamata shati.

"Mume wangu, mkwe kafika! Yuko sebuleni. Kaja na mkoba mzito huo! Sijaufungua, naona aibu."

"Anasemaje?"

"Hasemi, anakula. Ila kasikia friji inaunguruma, kainuka, kaipiga kofi moja tu, kimya! Mwanamume huyo!"

"Kaipiga kofi friji yangu? Siku ya kwanza?"

Mzee akachungulia sebuleni. Kijana mnene kidogo alikuwa kwenye kochi, mashavu yamejaa keki. Akanyanyuka nusu.

"Mzee, mimi niko tayari. Mkisema nianze, naanza hata leo."

Hata leo! Mzee alirudi bwawani amefura. Huyu ndiye wa kumpa mwanangu, huyu? Moyo ulimuuma kweli. Atamwambiaje binti yake hapana, na atayaangaliaje machozi yake?

Fundi alikuwa amempindua Kobe. Chujio limeshiba majani, mkanda mmoja umetoka kwenye gurudumu, na feni haizunguki. Mzee akapiga magoti kando yake, wakainamia pamoja. Kijana akaingiza vidole, akavuta, akavuta, zikatoka nywele ndefu ajabu.

"Za binti yangu hizo," mzee akasema. "Kila Jumapili yumo humu."

Kijana akacheka peke yake. Akaurudisha mkanda, akaosha chujio, akakaza skrubu moja baada ya nyingine.

"Una mke?" mzee akamuuliza ghafla.

"Bado, mzee."

"Mh!" Mzee akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

Wakamtia Kobe majini. Akatoa mapovu, akazama, akatulia. Wote wawili walibana pumzi. Mara Kobe akajitikisa, akatimua mbio sakafuni, akafika ukutani, akapanda! Akapanda mpaka juu kabisa!

"Mama wee!" mzee akaruka, akamkumbatia fundi, miguu ikateleza, na wote wakaingia bwawani na nguo zao, chubwi! Walipoibuka walikuwa wanacheka mpaka mbavu zinauma, na mzee hakukumbuka mara ya mwisho kucheka hivyo ilikuwa lini.

Ndipo geti likafunguka. Binti katoka kazini.

Mzee akaacha kucheka. Akashika ukingo, maji yanamtiririka, akaona bora aseme mara moja yaishe.

"Mwanangu, nisamehe. Nimemwona mchumba wako, na jibu langu ni hapana. Mlafi, halafu ana haraka. Ungeniletea mtu kama fundi huyu, ningesema ndiyo kabla hajakauka!"

Binti hakulia. Alikuwa ameshachuchumaa ukingoni, anamfuta fundi maji usoni kwa mtandio wake, na fundi kaushika mkono wake haachii. Binti akainua shingo, akamchungulia kupitia dirisha la sebuleni yule wa kwenye kochi, aliyekuwa anajikatia kipande kingine cha keki.

"Baba," akasema, "yule mimi simjui."