Matairi Membamba

Kabla hakujapambazuka nilikuwa nikitikisa kibuyu cha maziwa nipate siagi, tuku, tuku, nikasikia Gatera anazungumza peke yake nje.

Jana jioni gari lake liliteleza kwenye kilima kilicho mbele ya nyumba yetu, tukampa mahali pa kulala. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini alisimama kwanza kuosha viatu ili asichafue mkeka wangu. Leo binti yake anaolewa Walikale, na baba ndiye wa kumpeleka kanisani.

"Mama, matairi mapana inaelea juu ya matope, njo maana inateleza," aliniambia. "Niko na membamba hapa juu ya gari. Hiyo itazama mpaka ipate chini pagumu. Lakini kama hakuna pagumu, mutatuzika hapa na gari yangu!"

"Pima na hii," nikampa fimbo yangu ya ng'ombe.

Aliichoma matopeni kwa mikono miwili. Ikazama. Ikazama tena.

Ko!

"Jiwe, Mama! Chini iko jiwe!"

Akafunga matairi membamba huku akiimba. Gari lilizama kidogo, likanguruma, likashika jiwe, likapanda! Nilikimbia nyuma yake kama msichana, matope mpaka magotini.

Alitoa mkono dirishani kunirudishia fimbo.

"Enda nayo!" nikapaza sauti. "Mbele kuko matope ingine! Utairudisha wewe mwenyewe, na bibi arusi. Mukuje kututembelea tena!"